Siku yangu moja San Diego: naamka na alasiri ya Tanga, nalala na alfajiri yake

Ndugu zangu wa Bremen wakisikia California wanaona bahari, jua na watu wamelala mchangani, na wa Tanga nao ni hivyohivyo, binamu yangu aliniuliza kama huwa naenda kazini na kandambili. Sasa nimeona niandike siku moja tu, Jumatano ya katikati ya Juni, ilivyokwenda kuanzia alfajiri mpaka naingia kitandani. Mi nimezaliwa Tanga, mama Mdigo, baba Mjerumani, nikahamia Bremen nina miaka 12, pasipoti yangu ni ya Ujerumani na huku San Diego, California, nina miaka mitatu. Mtu akiniuliza natoka wapi inategemea nina muda kiasi gani wa kumjibu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia na sio alamu, ni mama. Bremen saa hizo ni saa nane na nusu mchana, ametoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi na yuko kwenye tramu anarudi nyumbani, alafu anamuunganisha bibi Tanga, kwake ni saa tisa na nusu alasiri. Huo ndo wakati pekee wa siku ambao sote watatu tuko macho na hakuna mwenye haraka sana. Nikichelewa kuamka nusu saa tu imeshapita, kwasababu bibi anangoja adhana ya alasiri, na adhana ikianza msikiti wa nyuma ya nyumba Ngamiani yeye anasema haya mjukuu wangu, na simu inakatwa palepale hata kama nlikuwa katikati ya sentensi. Kwahiyo tuna kama dakika ishirini. Nshazoea kupanga maneno usiku kabla sijalala, nini nimwambie kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Jua limetoka huko?"

"Bado bibi, kuna mawingu."

"Kila siku mawingu, na si ulisema umehamia kwenye jua?"

Na kweli, hiki ndo kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla sijaja. Mwezi wa tano na wa sita San Diego asubuhi nyingi jua hulioni kabisa, wenyeji wana mpaka majina yake, May Gray na June Gloom, yaani Mei ya kijivu na Juni ya kiza. Maji ya Pasifiki upande huu ni ya baridi kwasababu mkondo unashuka kutoka kaskazini, hewa iliyolala juu ya maji inapoa, na juu yake kuna hewa ya joto inayokaa kama mfuniko wa sufuria, basi mawingu yanabanwa hapo chini na kuingia mjini usiku kucha, mpaka ardhi ipate joto la kutosha kuyayeyusha, mara nyingi saa sita au saa saba mchana. Nimemweleza bibi hivyohivyo na mfano wa sufuria. Akasema basi vaa sweta.

Adhana ikaanza. Simu ikakatika.

Saa kumi na mbili na robo niko barabarani. Nakaa City Heights, mtaa ambao ukitembea University Avenue dakika kumi unapita duka la Wasomali, mgahawa wa Wahabeshi, saluni ya Wavietnamu, kanisa la Kihispania, na mimi nimeuchagua kwasababu hiyo, na kwasababu ya kodi pia, maana karibu na bahari kwa mshahara wangu ningepata chumba cha kushea na watu watatu. Kuna mgahawa mdogo wa Wasomali unafungua mapema kwa ajili ya madereva. Naingia, nachukua sambusa mbili na chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini, kwenye kikombe cha karatasi. Mzee mwenye mgahawa amekaa Eastleigh miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, Kiswahili chake ni cha Nairobi na changu cha Tanga, ananiambia "sasa wewe, uko poa?" na mi namwamkia shikamoo, na kila siku anacheka kwa raha kabisa kwasababu anasema watoto wake hawaijui hiyo. Jumatano hii alinipa sambusa ya tatu, akasema ni ya safari. Sijui kama anajua ni kiasi gani zile dakika tano zinanibeba.

Napanda basi mpaka kituo cha Old Town, hapo nachukua treni nyekundu ya njia inayoitwa Blue Line. Hii treni nataka niizungumzie kidogo. Inaanzia San Ysidro, mpakani kabisa na Tijuana, mji wa Meksiko, inapita katikati ya mji na tangu Novemba 2021 inafika mpaka chuo kikuu cha UC San Diego, ambako nafanya kazi. Yaani nikipanda mimi saa moja na dakika chache, watu wengi ndani wameshalala. Vichwa vimeegemea dirisha, mikoba imekumbatiwa kifuani. Ni watu wanaoishi Tijuana na kufanya kazi huku, wamepanga foleni mpakani usiku, na kuna mama mmoja anasafisha jengo letu ambaye aliniambia anaamka saa nane usiku ili awahi zamu yake. Saa nane za usiku! Mi nimekulia sehemu ambayo baba alikuwa anatupakia kwenye gari Jumamosi tunakwenda Groningen Uholanzi kununua samaki na jibini, na mpaka wenyewe ulikuwa ni kibao tu pembeni ya barabara, hatusimami, nlikuwa nashtukia tu lugha ya matangazo imebadilika. Nlidhani mipaka yote ya nchi tajiri iko hivyo. Kwahiyo nikiwaona hawa watu wamelala mi huwa siongei na simu kwenye treni, hata meseji ya sauti sisikilizi bila spika za masikioni, ni heshima ndogo lakini ndo ninayoiweza. Treni inapita kando ya Mission Bay, maji yako kimya na ya kijivu kama bati, alafu inaingia bondeni na kupanda.

Saa mbili asubuhi maabara. Kazi yangu ni kukuza seli, na watu wengi hawajui maana yake ni nini kwahiyo naomba nieleze. Seli zinakaa kwenye vichupa vya plastiki vilivyolala ubavu, ndani ya inkubeta yenye joto la nyuzi 37 kama mwili wa mtu, na hewa yake inaongezwa kaboni dayoksaidi asilimia 5. Zinaogelea kwenye maji ya chakula yenye rangi, na rangi ndo inakwambia hali zao, ikiwa nyekundu kama juisi ya rozela iliyochujwa wako salama, ikigeuka chungwa wanaanza kuchoka, ikiwa njano chakula kimekwisha na uchafu wao umeleta asidi na umechelewa. Jumatano hii vichupa vinne vilikuwa chungwa. Nikavaa glavu, nikapulizia spiriti mpaka kwenye viwiko, nikakaa mbele ya kabati la hewa safi na kunyonya maji ya zamani taratibu kutoka kona ya chupa, kwasababu ukigusa sakafu yake unazichubua, alafu maji mapya yaliyopashwa moto, tone kwa tone ukutani mwa chupa. Saa nzima na nusu hivyo. Hupokei simu, hujikuni pua. Kwakweli naipenda hiyo saa na nusu, ni kama kuosha mtoto mchanga.

Watu wa huku wanakusalimia sana. Bremen ni "Moin" na mtu ameshapita, miaka ishirini jirani yetu kamwambia mama hilo neno moja tu, na huku mtu usiyemjua kwenye lifti anakuuliza habari zako na anasifia hereni zako. Wazungu wenzangu wa Ulaya hapa kazini wanasema ni unafiki. Mi sikubaliani nao. Nimetoka Tanga ambako kusalimiana ni mistari sita kabla hujasema shida yako, na najua salamu haihitaji kuwa siri ya moyoni ili iwe ya kweli.

Saa sita mchana. Huku watu wanakula mbele ya kompyuta, uma mkono mmoja mausi mkono mwingine, na mwanzoni nilifanya hivyo maana nliona aibu kuondoka peke yangu. Saivi mimi na dada mmoja Mtaliano wa Padova tumeapa, kila siku tunatoka nje nusu saa, tunakaa chini ya mikalitusi ya chuo na tunakula tukiwa tumekaa kama binadamu. Ila Jumatano hii niliitumia nusu saa yangu yote kwenye simu na hospitali moja ya hapa mjini. Mwaka jana niliteguka mguu kwenye ngazi, wakanipiga picha, wakanifunga bandeji, nikakaa mle saa tatu, na baada ya wiki sita ikaja bili ya dola 1,460, na mi nina bima nzuri tu ya kazini. Shida ni kwamba bima ya huku ina kiasi ambacho kila mwaka lazima ukitoe mwenyewe kwanza ndo nayo ianze kulipa vizuri. Ujerumani natoa kadi, wanaipitisha kwenye mashine, naondoka. Kwenye bili kulikuwa na kitu nimetozwa mara mbili, na hiyo ilikuwa ni simu yangu ya nne kuhusu hicho kitu kimoja. Muziki dakika ishirini na sita. Dada aliyepokea alikuwa mpole kweli, akasema atapeleka malalamiko mbele, akanipa namba mpya ya kumbukumbu. Nimeziandika zote nne kwenye daftari. Nikifunga simu mtu wa Padova alikuwa ameshanimenyea chungwa, akaniwekea vipande kwenye leso bila kusema kitu.

Jua likatoka kama saa saba na robo, ghafla tu, madirisha yote yakawaka.

Mchana una mikutano na sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa hili. Ruzuku za utafiti kutoka serikali kuu zimekuwa hazitabiriki tangu mwanzoni mwa 2025, na kila mkutano sasa kuna mtu anauliza mwakani itakuwaje. Kwa Mmarekani ni swali la kazi. Kwa mimi mwenye viza ya kazi ya H-1B ni swali la nyumba, kwasababu kazi ikiisha nina siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi, la sivyo nafunga mizigo. Sofa, baiskeli, mkataba wa chumba, watu, vyote ndani ya siku 60. Mi sofa yenyewe nimenunua mwaka jana tu, miaka miwili nlikuwa nakalia godoro kwasababu nlikuwa naogopa kununua kitu kizito.

Likizo nayo. Ujerumani sheria inakupa wiki nne kwa uchache, na sehemu nyingi wanatoa sita. Huku sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kukupa hata siku moja ya likizo yenye malipo, ni mkataba wako tu, na mimi nimebahatika chuo kinatoa. Lakini mama wa kusafisha jengo nilipomuuliza ataenda lini kwao Oaxaca, Meksiko, kumuona mama yake, alinitazama tu.

Saa kumi na moja na nusu jioni natoka. Jumatano huwa siendi moja kwa moja nyumbani, nachukua basi linaloshuka La Jolla Shores, nakaa na bahari mpaka jua lizame. Maji mwezi huu ni kama nyuzi 19, kwa mtu wa Tanga hiyo ni baridi ya friji, naingia mpaka magoti basi. Na kuingia kwenyewe huku wanafundishwa, unaburuza nyayo mchangani bila kuziinua, ili samaki taa waliojifukia wakusikie waondoke wasikuchome kwa mkia. Siku ya kwanza nilipoona watoto wanaburuza miguu vile nikakumbuka mjomba pale Raskazone, alikuwa anatufokea hivyohivyo, buruza mguu wewe, usikanyage taa! Bahari mbili tofauti na mguu ni uleule.

Kitu kingine kinachonivuruga ni saa. Saa ya Kiswahili inafuata jua, na Tanga giza linaingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Bremen mwezi huu jua linazama karibu saa nne usiku. Huku ni saa mbili kasoro. Baba mpaka leo akipanga muda na mama anauliza saa ya kwenu au saa ya kwetu, na mi nikiwa huku peke yangu nimebaki nahesabu ya kwetu, hata kwenye daftari la maabara zamani niliwahi kuandika saa mbili badala ya nane na ikabidi nieleze.

Tanga jua linatoka baharini, bibi ndo anavyolijua. Huku linazama baharini. Nililitazama mpaka likawa ukucha mwekundu tu juu ya maji, familia moja ya Kimeksiko pembeni wakawasha moto kwenye lile shimo la zege wakaanza kuchoma soseji, upepo ukageuka baridi nikavaa sweta.

Nlikuwa kwenye basi la kurudi, saa mbili na dakika arobaini usiku, meseji ya sauti ikaingia. Nikaweka spika masikioni. Kwanza jogoo, alafu sufuria inagongwa, alafu bibi, karibu sana na simu kama kawaida yake:

"Nimeamka salama. Jua ndo hilo linachomoza. Lilikuwa kwako eeh? Haya, nimelipokea. Lala sasa."