Ngumbaru ya Kibirizi

Jana mwezi ulikuwa mpevu, maana yake leo kulikuwa na ngumbaru, darasa letu la kuwafundisha watu wazima kusoma. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, wanataka giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika na kina mama wa Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma mitumbwi inapoegesha, wanakosa cha kuanika, kwa hiyo ratiba yetu haina Jumatatu wala Jumanne, tunafuata mwezi tu.

Tulianza 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mwaloni kimya kabisa. Na mimi nilikuwa kimya, mkataba wangu Dar umeisha, nimerudi kwa mama, nalala mpaka saa tano, mtu akipiga hodi najifanya sipo kwa sababu najua ataniuliza kazi vipi. Basi bibi mmoja jirani akawa anakuja na kitochi chake, kile kisimu kidogo cha batani, "mwanangu nisomee hii, wanasema wametuma". Nikamsomea. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikamwambia bibi kaa hapa nikuonyeshe neno moja tu la meseji za hela, UMEPOKEA. Ndipo akanieleza kwamba miaka yote alikuwa anampa mtu simu pamoja na namba ya siri, na hela zilishaliwa mara nyingi hata hesabu hana. Iliniuma sana.

Akaja na wenzake wawili, leo wako kumi na mmoja, tunakaa mkekani chini ya mwembe. Hatukuanza na a e i o u, tulianza na salio. Sa-li-o. Ukilikata unapata sasa, unapata sali, unapata lia, mmoja akasema kumbe hata kulia kumo humo kwenye simu, tukacheka mpaka machozi. Huyo huyo anakumbuka mama yake akienda ngumbaru 1970, Nyerere alipoutangaza Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye akabaki nyumbani kubeba wadogo zake, na zamu yake haikuja mpaka sasa.

Watu wananiuliza unalipwa shilingi ngapi. Hakuna. Na nisieleweke vibaya, nilishajitolea ofisi moja miezi minane, nabeba mafaili na kuchemsha chai, naahidiwa ajira kila mwisho wa mwezi, kule nilitumikishwa na nilitoka nimechoka roho. Hapa ni tofauti kwa sababu nisipokwenda kuna mtu anaumia. Nilipoumwa malaria walimtuma mtoto na uji na samaki, migebuka miwili, "bibi anasema mwalimu apone". Yaani mimi niliyekuwa najificha chumbani! Usiku nilikuwa nawaza maisha mpaka kunakucha, siku hizi nalala nikiwaza sauti ya ng' nitaifundishaje, na usingizi unakuja kabla sijapata jibu. Ajira bado, siwadanganyi, ila nikiingia kwenye intavyuu sasa naongea taratibu, namtazama mtu usoni, hilo nimelipata mkekani. Na wanafunzi wangu ndio nawapa shikamoo, wanaitika marahaba mwalimu, mpaka leo sijazoea.

Leo simu ya bibi ikalia meseji katikati ya somo. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, midomo inacheza, wenzake wote kimya. Nikataka kumtajia akanishika mkono, "nyamaza wewe". Akasoma umepokea, akasoma kiasi, akafika kwenye jina la mtumaji ikamchukua muda mrefu kweli, herufi moja moja, halafu akalitamka. Mwanawe wa Mpanda. Akaikunja simu kwenye khanga wala hakumpa mtu aione.

Wiki ijayo giza linarudi, hakuna darasa. Wamesema nikaanike nao, watanipitia alfajiri saa kumi na moja.