Nilivyozoea kuhesabu atomu za salfa

Salfa ilinisumbua kuliko oksijeni. Oksijeni ukishaandika O₂ umemaliza. Salfa ukurasa huu wanaandika S, ukurasa wa pili S₈, kisha unaulizwa gramu 16 zina atomu ngapi na molekuli ngapi.

Kilichonifungulia njia ni mizani. Mizani haijui kama atomu zimeungana kuwa pete au mnyororo. Kwa hiyo nikashika utaratibu mmoja: atomu kwanza, molekuli baadaye. Moli moja (fungu la atomu 6.02 × 10²³) ya atomu za salfa ina gramu 32 (32.06 kwa anayetaka usahihi), basi gramu 16 ni nusu moli, yaani atomu 3.01 × 10²³. Mpaka hapo suala la umbo halijaingia, na ndiyo raha yake. Ndipo najiuliza: atomu hizi zimeshikana ngapi ngapi? Katika joto la kawaida ni nane nane, zimeungana kuwa pete iliyopindapinda kama taji. Nagawanya kwa 8, napata molekuli 3.76 × 10²².

Majina ya rombiki na monokliniki, aina mbili za fuwele za salfa, yalikuwa yakinitisha bure. Fuwele zote mbili zimejengwa kwa pete zilezile za S₈. Kinachotofautiana ni mpangilio tu, na mpaka wake ni nyuzi 95.5 za Selsiasi. Hesabu haiguswi.

Kasheshe huanza salfa ikishayeyuka na kukaribia nyuzi 160. Pete hukatika, ncha hudaka ncha za pete nyingine, na minyororo mirefu mno hutokea. Kimiminika cha njano kilichokuwa kikitiririka vizuri huwa kizito, chenye wekundu wa kahawia. Hapo molekuli hazina hesabu moja, maana minyororo haina urefu mmoja; atomu zinahesabika vilevile. Ndiyo maana sioni uvivu wowote katika kuandika S kwenye mlinganyo: S + O₂ → SO₂ na S₈ + 8O₂ → 8SO₂ zinakupa gesi ileile, gramu zilezile.

Ninaoupenda zaidi ni mvuke. Kwenye nyuzi 1000 hivi, ukikokotoa uzito wa molekuli kutokana na densiti ya mvuke huo, jibu hukaribia 64. Gawanya kwa 32: ni S₂, ndugu kabisa wa O₂. Gramu zangu 16 zikifika huko zina molekuli 1.5 × 10²³, mara nne ya zile za pete.