RAM ya 3200 iliyosoma 1200 baada ya kubadili prosesa

Nilitoa Ryzen 5 1600 nikaweka Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ileile ya B450. RAM sikuibadilisha: vipande viwili vya GB 8, DDR4-3200, CL16 (CL ni idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data). Windows ilipowaka, Task Manager ikaonyesha 2400 MT/s, yaani milioni za mara ambazo data inapita kwa sekunde. CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya kompyuta, kwenye ukurasa wa Memory ikaonyesha 1197 MHz. Stika ya RAM yenyewe imeandikwa 3200, na chini yake PC4-25600. Namba nne, na hakuna hata moja inayodanganya.

Nianze na ile inayotisha wengi, 1197. RAM ya DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo moja la saa. CPU-Z inahesabu mapigo, Task Manager inahesabu mara ambazo data imepita, kwa hiyo namba ya CPU-Z unaizidisha kwa mbili. Haikutoka 1200 kamili kwa sababu saa ya msingi ya bodi ni nadra kukaa 100 MHz juu ya alama; ikiwa 99.8, ukizidisha kwa 12 unapata 1197 na pointi zake. Ile 25600 ni 3200 mara baiti 8, yaani MB 25,600 kwa sekunde kwa chaneli moja. Matoleo ya zamani ya Windows yaliandika MHz pembeni ya 2400, wakati kipimo sahihi ni MT/s, na ubishi mwingi umeanzia hapo. Ukiona 1600 kwenye CPU-Z na RAM yako ni ya 3200, umefika. Usimrudishie mtu wa duka RAM yake.

Tatizo langu lilikuwa 2400, maana hiyo kweli si 3200. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, hakiko kwenye bodi. BIOS, programu ya msingi ya bodi, ikikuta prosesa ngeni inatupa mipangilio yote ya RAM iliyokuwa imehifadhiwa na kurudi kwenye kasi ya usalama iliyoandikwa ndani ya kipande chenyewe. Kwa vipande vyangu kasi hiyo ni 2400 kwa volti 1.2, vingine hurudi 2133 au 2666. Ile 3200 iko kwenye wasifu wa XMP, mipangilio ya kasi ya juu iliyoandikwa kwenye RAM, ambao ni lazima uuwashe kwa mkono. Na si namba ya mapambo: 2400 kwa CL17 ni kusubiri nanosekunde 14.2, 3200 kwa CL16 ni nanosekunde 10.

Kabla ya kugusa BIOS nilithibitisha kwa njia nyingine. Kwenye PowerShell:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, PartNumber, Speed, ConfiguredClockSpeed

Safu ya kuangalia ni ConfiguredClockSpeed, ndiyo kasi iliyopangwa sasa hivi. Kwenye Linux ni sudo dmidecode -t 17, mstari wa Configured Memory Speed. Ukurasa wa SPD wa CPU-Z usikuchanganye: unasoma kijichipu kilicho kwenye RAM, kwa hiyo unaonyesha kile RAM inachoweza, si kile inachofanya. Faida yake ni moja, kukuhakikishia kwamba safu ya XMP-3200 ipo. Isipokuwepo, hakuna cha kuwasha.

Kazi yenyewe huanza prosesa ya zamani ikiwa bado imefungwa. BIOS niliisasisha kwanza hadi toleo ambalo orodha ya mtengenezaji wa bodi inalitaja kwa 5600, kwa sababu B450 yenye BIOS ya zamani haitawaka kabisa na prosesa hiyo. Kisha nikasimamisha BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data ya diski kwa ufunguo. Hili wengi wanalipita: prosesa mpya ikiwaka, BIOS inauliza kama ifute fTPM, hifadhi ya funguo za siri iliyo ndani ya prosesa, bonyeza Y au N. Ukibonyeza Y na BitLocker iko hai, Windows itakudai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na kama huna, data imekwenda. Wakati wa kung'oa feni, washa mashine kwanza ipate joto, zima, kisha zungusha feni taratibu kushoto na kulia. Pesti ya kupitisha joto ikiwa imekauka, prosesa za soketi hii ya AM4 hung'oka pamoja na feni na kupinda pini.

Prosesa ikishakaa, nikaingia BIOS kwa kitufe cha Del. Jina la kipengele hutegemea bodi: MSI wanaita A-XMP, ASUS D.O.C.P., Gigabyte X.M.P. Nilichagua Profile 1, nikahakikisha volti ya DRAM imepanda hadi 1.35, nikahifadhi kwa F10. Hapo skrini inakuwa nyeusi, na mashine inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa. Inajifunza RAM. Usikate umeme. Ikishindwa mara kadhaa inarudi yenyewe 2400 bila kelele, ndiyo maana mtu anaapa kwamba XMP ameiwasha na Windows bado inasema 2400. Ikigoma kabisa kuwaka, zima, chomoa waya wa umeme, gusanisha pini za kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) au toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, uanze upya.

Kama inagoma, angalia sloti kwanza. Vipande viwili vinakaa A2 na B2, yaani ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Prosesa za Ryzen 1000 zilikuwa zinagoma sana 3200. Rasmi ziliishia 2666, na ile 1600 yangu ilikuwa inatulia 2933. Ryzen 5000 inakubali 3200 rasmi, kwa hiyo RAM ileile iliyokuwa inasumbua inaweza kukaa bila neno. Ikiwa na vipande vinne, tegemea kushuka.

Baada ya hapo CPU-Z ikaonyesha 1597 na Task Manager 3200. Sikuishia hapo. Nilifungua programu ya ZenTimings kuona kama MCLK (saa ya RAM), FCLK (saa ya njia ya data ndani ya prosesa) na UCLK (saa ya kidhibiti cha RAM) zote ni 1600. UCLK ikiwa 800, kidhibiti kinakwenda nusu ya mwendo wa RAM, na 3200 ya Task Manager inabaki ya kujifariji tu. Kisha MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM, kwenye flashi, raundi nne. Kosa hata moja ni kosa: shusha hadi 3133 au 3066 urudie.

Kuna namba moja zaidi iliyobadilika. Ukipima kwa programu ya AIDA64, kasi ya kuandika kwenye 5600 ni karibu nusu ya kasi ya kusoma, GB 25 kwa sekunde hivi, ilhali kwenye Ryzen 1600 ya zamani zilikuwa zinakaribiana. RAM haina kosa. Prosesa hii ina chipu moja tu yenye viini vya kuchakata (core), na njia yake ya kuandika inapitisha baiti 16 kwa kila pigo la FCLK wakati ya kusoma inapitisha 32. Kumi na sita mara 1600 ni 25,600. Hakuna mpangilio wa BIOS utakaoipandisha mbali na kuongeza FCLK yenyewe.

Kwa wenye mashine za ofisi za mtumba, mfano Dell OptiPlex 7010 ya zamani, mambo hugeuka. Humo hamna XMP. Core i5-2400 inaishia DDR3-1333 hata ukiweka RAM ya 1600. Ukiitoa na kuweka i7-3770, RAM ileile inapanda 1600 yenyewe, na CPU-Z inatoka 665 hivi kwenda 798. Isipopanda, toa vipande usome stika: PC3-12800 ndiyo 1600, PC3-10600 ni 1333, na kimoja cha 1333 kikiwa ndani kinavishusha vyote.