Begi la kamera la kupandia mlima: anza na kiuno

Watu wakiniuliza wanunue begi gani la kwenda na kamera porini, karibu wote swali lao la kwanza ni linaingia lenzi ngapi. Mimi nawaambia hebu shika mkanda wa kiunoni kwanza, lenzi tutaongea baadae. Maana dukani kila begi la kamera ni zuri, vigawanyo laini, vimifuko kibao, pa kuweka laptop, ila libebe upandishe nalo msitu wa Magamba kule Lushoto ndo utajua limeshonwa kwa ajili ya mtu wa kushuka kwenye gari na kuingia ukumbini kupiga harusi.

Piga hesabu. Kamera ya Canon 5D Mark IV na betri yake ni gramu 890, lenzi ya 70-200 ya f/2.8 karibu kilo moja na nusu, lenzi ya 24-70 gramu mia nane na kitu, hapo umeshapita kilo tatu na hujagusa tripodi wala koti la mvua, halafu lita tatu za maji nazo ni kilo tatu. Mzigo huo ukiachiwa mabega peke yake utamaliza siku unajikanda shingo badala ya kupiga picha. Mkanda ukiwa mpana, una sponji ngumu, na umefungwa juu ya mifupa ya nyonga (sio tumboni jamani), uzito mwingi unashukia miguuni na mabega yanabaki kazi ya kuzuia begi lisiyumbe tu. Kale kakanda ka utepe wanakoweka kwenye mabegi mengi hakabebi chochote.

Pima na mgongo pia. Inamisha kichwa, mtu akupime kwa futi ya fundi cherehani kutoka ule mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo mpaka usawa wa juu wa nyonga, begi lifuate kipimo hicho. Urefu wako wa kusimama unadanganya.

Zipu mimi napenda iwe upande wa mgongoni. Ukilaza begi kwenye tope mikanda inabaki juu safi, na kwenye daladala hakuna atakayekufungulia ukiwa umelivaa. Ubaya wake ni kwamba kutoa kamera lazima uvue begi, mbega hatakusubiri, kwa hiyo kamera yenyewe itembee nje shingoni.

Mvua sasa. Kava la mvua linafunika nje tu, maji yanayoteremka mgongoni yanapenya vizuri kabisa. Zamani tulimaliza kwa mfuko wa rambo, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019 hiyo habari imeisha, kwa hiyo tafuta mfuko usiopitisha maji ule wa kukunja mdomo, uweke ndani ya begi, sio nje.

Kama hela ni ya mawazo, ushauri wangu ni huu: achana na begi la kamera, nunua begi la mlima la mtumba la lita 40 hivi. Pale soko la mitumba la Memorial, Moshi, yanapatikana mazuri. Muombe muuzaji akujazie majinzi mpaka liwe zito, livae, funga kiuno, zunguka nalo dakika kadhaa, akinuna mnunie. Kisha ligeuze ndani upitishe kidole kwenye kitambaa, kikinata au kikipukutisha ngozi nyeupe liache hapo hapo, kinga yake ya maji imeshakufa na haifufuki. Halafu fundi akushonee kiboksi cha kamera cha kuingia ndani, kwa kutumia mkeka wa yoga uliokatwa, sio sponji ya godoro maana hiyo inabonyea mpaka lenzi inagusa chini. Kampuni za mabegi kama F-Stop na Shimoda wanauza wazo hilo hilo, begi la mlima lenye boksi la kamera la kutoa na kuweka, kwa mamia ya dola.

Kwa wa Kilimanjaro, mpagazi ana kikomo cha kilo 20 na anatangulia mbali sana, kamera ukimpa yeye utaiona kambini jioni. Na wa kuruka na ndege ndogo kwenda Serengeti ulizeni uzito mapema, nyingi ni kilo 15 na begi la mkononi humo humo, na wanataka begi laini, yale masanduku magumu ya plastiki yanaweza kukataliwa.