Neno la mwisho la jikoni

Juzi shangazi mtu alituma ujumbe: "Mwambie namsubiri." Binti yangu akausoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Baba, nimwambie nani, kaka au dada?" Sikumjibu upesi. Kimawazo nilikuwa nimerudi Toronto, kwenye zile siku za filamu za Kiebrania, nilikoshughulikia maandishi ya tafsiri yanayotokea chini ya picha.

Mchana wa siku moja ulikwisha kwa hesabu. Faili ya maandishi ya tafsiri ilipimwa kwa fremu (picha moja moja za filamu) 25 kwa sekunde, filamu yenyewe ikaonyeshwa kwa 24. Ndani ya dakika moja maandishi yanaitangulia sauti kwa sekunde 2.5, ndani ya saa, dakika 2 na nusu. Dawa yake ni kuzidisha kila muda kwa 25, kisha kugawa kwa 24. Tulijaribu mwanzo, katikati na mwisho, yakakaa sawa. Filamu za hali halisi zikapita salama.

Usiku ikaja tamthilia. Mwanamume yuko jikoni, simu sikioni, mkewe kasimama mlangoni nyuma yake. Anasikiliza muda mrefu bila kutamka lolote. Friji inanguruma. Kisha kwa sauti ya chini: "Ani ohev..." Akatua. "...otkha."

Nusu ya ukumbi ilivuta pumzi kwa pamoja. Nusu nyingine, waliokuwa wakisoma tafsiri ya Kiingereza, walitulia tu. Waliona mtu anasema "nakupenda", basi.

Kwa Kiebrania, mwanamke angeambiwa otakh. Otkha huambiwa mwanamume. Tofauti iko kwenye irabu tu, na maandishi ya kawaida ya Kiebrania hayaweki irabu hizo: yote mawili huandikwa kwa herufi alef, vav, tav, kaf. Mtafsiri aliyepewa orodha ya mazungumzo bila sauti hana pa kuligundua. Na akiligundua, ataliweka wapi? Kiingereza hakina nafasi yake. Hata nakupenda yetu haisemi kama anayependa ni mwanamume au mwanamke, wala anayependwa.

Kabla ya onyesho la pili niliomba ruhusa, nikaongeza kwenye maandishi jina la kijana wa kiume ambaye filamu ilikwisha kumtaja. Hapo nikaharibu kingine. Maandishi hutokea mtu anapoanza kusema, na otkha ndilo neno la mwisho. Safari hii wasomaji walishtuka kwanza, mwigizaji angali ametua, na mshtuko wao ukawafunika waliokuwa wakisikiliza.

Ningeweza kuukata mstari vipande viwili, jina likaja peke yake. Lakini kipande kinahitaji walau sekunde moja kisomeke, na mara tu baada ya otkha picha inakatwa kwenda usoni pa mke. Jina lingeandikwa chini ya kidevu chake, kana kwamba yeye ndiye anayelitamka.

Faili zote mbili ninazo bado. Wakiniomba moja leo, sijui nitatuma ipi.