Asklepia ibaki kwao

Asclepias tuberosa haina sababu ya kupandwa Tanga, nami nasema hivyo nikiwa mmoja wa wanaolipenda sana ua lake. Ni mmea wa porini wa Amerika Kaskazini, unaoota wenyewe kuanzia kusini mwa Kanada hadi Florida, na upande wa magharibi hadi Arizona, katika mbuga za nyasi, kando ya barabara na kwenye ardhi kavu ya kichanga ambayo wakulima hawaigombanii. Carl Linnaeus aliupa jina hilo mwaka 1753, na mwaka 2017 chama cha wakuza mimea ya kudumu cha huko kiliuteua kuwa mmea wa mwaka. Kwa urahisi nitauita asklepia.

Uzuri wake hauishii kwenye rangi ya chungwa iliyokoza. Kila kiua kina petali tano zilizokunjika kuelekea chini, na juu yake vimesimama vikombe vitano vya mbochi, kila kimoja na kipembe chake. Chavua haipeperuki kama unga, bali imefungwa katika vifuko viwili viwili vilivyounganishwa kwa kibanio cheusi. Nyuki akiteleza juu ya ua, mguu wake huzama katika ufa ulio kati ya vikombe, na akiuchomoa hutoka na kibanio kimemng'ang'ania, akaenda nacho hadi ua jingine. Mdudu mdogo asiye na nguvu hushindwa kujinasua, akafia hapo hapo. Jambo jingine la ajabu ni kwamba, ingawa karibu jamaa zake wote hutoa utomvu mweupe, asklepia hii ukiikata hutoa majimaji yasiyo na rangi.

Mbegu zake zimefungwa nyuzi laini zinazong'aa, na hapo ndipo sisi tunaolalia mito ya sufi tunapoweza kuielewa vizuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani walipokiteka kisiwa cha Java, ilikotoka sufi, Marekani ilikosa sufi ya kujazia maboya ya kuvaa ya wanamaji wake, hivyo watoto wa shule wakatumwa kuokota matunda ya asklepia mashambani. Waliyoyaokota yalikuwa hasa ya aina nyingine, Asclepias syriaca, ambayo hujaa kila mahali huko, lakini nyuzi ni za namna moja.

Mpwa wangu anayeishi Pennsylvania anayo asklepia mbele ya nyumba yake, na alipokuwa akijiandaa kuja likizo aliniuliza, "Mjomba, nikuletee mbegu?" Nilimjibu kwamba, kwanza, mbegu haziingizwi nchini bila kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Pili, hata kama kibali kingepatikana, mbegu hizo husubiri baridi ndipo ziote: ardhini kwao hulala majira yote ya baridi, na anayetaka kuziharakisha huziweka kwenye jokofu, ndani ya mchanga wenye unyevu, kwa muda wa mwezi hivi. Zikishaota, mche huteremsha mzizi mkuu mnene unaokwenda chini sana, ndiyo maana haupendi kupandikizwa, na ua la kwanza huchukua miaka miwili au mitatu. Mzizi huo ndio unaouvusha mmea katika ukame na theluji. Masika ya Tanga yangeuozesha, na usiponusurika, hakuna tena mmea wa kudumu wa kuzungumzia.

Mpwa wangu hakukubali upesi. Alisema kwamba huko watu wanahimizwa kuipanda kwa sababu ni mmea wa asili, unaowafaa vipepeo. Ni kweli, lakini asili hiyo ni ya mahali, haisafiri na mbegu. Ushahidi hatuutafuti mbali, maana upo Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Msizi, yaani Maesopsis eminii, ni mti wa nchi hii hii, wa kwao Kagera, lakini baada ya kupandwa Amani enzi za Wajerumani uliingia msituni, ukashika kila pengo lililoachwa na ukataji wa magogo, huku hondohondo wakila matunda yake na kuzisambaza mbegu. Ikiwa mti wa Kagera ni mgeni Usambara, sembuse ua la Pennsylvania.

Najua mtu wa Tanga atanikumbusha mkonge. Nao asili yake ni Mexico, na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuleta kutoka Florida mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza, iliyofika hai ni 62 tu, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoupa mkoa huu umaarufu. Sibishi. Ila mkonge uliletwa kwa ajili ya nyuzi zake, na hakuna aliyeupanda ili kuwanufaisha vipepeo.

Vipepeo wetu wana chakula chao. Danaus chrysippus, jamaa wa karibu wa yule kipepeo mashuhuri wa Marekani anayehamia Mexico kila mwaka, huruka hapa Raskazone, wa rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye mabaka meupe. Kwenye ukuta wangu wa nyuma hutaga juu ya Pergularia daemia, mmea utambaao wa jamii ile ile ya asklepia, wenye majani ya umbo la moyo, harufu isiyopendeza ukiyafikicha, na matunda mawili mawili yaliyojaa miiba laini. Kiwavi wake ana mistari ya nyeusi, nyeupe na njano, na jozi tatu za vinyuzi vyeusi mgongoni. Mwenzake wa Marekani ana jozi mbili. Ndege hawamsumbui, kwa sababu sumu anayoila kwenye majani hukaa mwilini mwake.

Majirani huung'oa mmea huo kama magugu, nami siwalaumu, kwani hauna ua la kujivunia na baada ya masika hutambaa hadi kwenye mapapai. Mimi huukata ule uliovuka ukuta, tena nikiwa nimevaa glavu na kuwaweka watoto mbali, maana utomvu wake ukiingia jichoni huchoma vibaya. Mashina yenye mayai chini ya majani huyaacha mpaka viwavi wamalize kula, na vidukari wa njano wakijaa kwenye vichomozo, nawasugua kwa vidole badala ya kupuliza dawa, kwa kuwa dawa ingewaua na viwavi.