Nilivyopita operesheni ya ngiri na dawa ya kutuliza woga

Kisu hakikunitisha. Kilichoninyima usingizi ni nusu kaputi. Siku ya vipimo nikamwambia daktari wa usingizi wazi: naomba dawa, sitaki kuingia kule nikiwa na akili zangu zote.

Hakucheka. Aliuliza kama nakoroma usiku, kama kuna dawa nyingine natumia, na nani atanirudisha nyumbani, maana ilikuwa operesheni ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Diazepamu, moja ya dawa za kutuliza woga, akaikataa: inakaa sana mwilini, kesho yake bado ningekuwa nayumba. Angenipa midazolamu, dawa ya jamii hiyo hiyo, kidogo ya mshipa, inayoshika kwa dakika chache na kuisha nguvu baada ya saa chache. "Ila kaka, itakusahaulisha. Tutakayokwambia ukiamka, mwenzako ayasikie."

Kwa kweli maongezi yale yalinishusha presha kabla hata ya sindano. Baadaye nikasoma utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 1,062: waliopewa lorazepamu, nayo ya jamii hiyo, kabla ya operesheni hawakuridhika zaidi ya wenzao, na akili zilichelewa kuwarudia sawasawa. Sikushangaa. Hata hivyo, kwa woga niliokuwa nao mimi, ningeiomba tena.

Siku yenyewe sikula tangu usiku. Maji niliruhusiwa hadi zibaki saa mbili kabla ya operesheni. Kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, ikawekwa mgongo wa mkono, dawa ikapita, nikawa naangalia taa za dari kama zinamhusu mtu mwingine. Ninachokumbuka baada ya hapo ni chai ya rangi na biskuti.

Mke wangu anasema katikati nilipiga soga na nesi, nikaitikia kila agizo na kuuliza lini nitapanda pikipiki. Sina hata chembe ya hayo. Bahati tulishapanga: yeye alikuja na daftari la mtoto, akaandika yote. Kidonda kisiloweshwe. Paracetamol na saa zake. Hakuna kunyanyua mizigo. Saa 24 za mwanzo nisiendeshe chombo, nisisaini wala kukubaliana na mtu lolote.

Tulifika nyumbani kabla ya magharibi. Fundi akapiga simu kutaka tumalizane bei ya mabati, nami nikaanza kumkubalia. Mke wangu, Mama Asha, akaichukua simu mkononi mwangu: "Shemeji, piga keshokutwa."